Hesabu Tatu

Nina namba tatu mezani, na inatakiwa moja,
kesho saa nne, kwa Bwana Bahizire wa kiwanda cha sabuni,
anayetaka kujua, kabla hajatoa hata franka,
ni macho mangapi yataiona sabuni yake
juu ya bei zetu za maharagwe ya Kadutu.

Ya kwanza imetoka kwenye daftari la seva,
mashine iliyo mbali, nchi ya baridi,
isiyojua kukatikiwa umeme.
Inaandika kila hodi.
Elfu kumi na nne, mia mbili na sita.
Nilifurahi nusu saa nzima, nikamwita Nabintu aje aone.
Kisha nikashuka mstari kwa mstari
nikakuta hodi elfu nane ni za roboti,
buibui wapitao usiku wakilamba kurasa,
wasiokula maharagwe, wasiofua.
Na huyu wa saa tisa za usiku, aliyebisha mara mia tatu?
Ni mimi. Nilikuwa nasahihisha bei ya sambaza.

Ya pili ni ya alama niliyoshona chini ya ukurasa
kama kifungo ndani ya koti:
ukurasa ukifunguka wote, kinalia.
Elfu mbili na kumi na tisa.
Namba yenye adabu. Buibui haijui kulia kifungo.
Lakini Mama Cibalonza wa simu yenye ufa
amezima kila kitu isipokuwa maandishi,
ili megabaiti zimfikishe Ijumaa,
basi anasoma mpaka mwisho na kifungo kimenyamaza.
Mugisho ana simu mbili: ni watu wawili.
Juzi alifuta kumbukumbu za moja, akawa wa tatu.
Mkewe hajaambiwa kwamba ana waume watatu.

Ya tatu tuliifuata kwa miguu.
Nabintu alichagua nyumba mia moja na ishirini,
kila ya saba, toka Cimpunda mpaka Muhungu,
akapanda ngazi za udongo mvua ikizishusha,
akiuliza mlangoni: wiki hii, umesoma bei zetu?
Watu walimjibu ndiyo, kwa heshima ya viatu vyake.
*Ndiyo, dada, kila siku.*
Kwa simu gani?
*Simu sina.*
Akarudi, akazidisha, akagawanya, akasema:
elfu thelathini. Toa au ongeza elfu kumi na moja.

Toa au ongeza!
Mtaa mzima umesimama kizingitini,
haujui uingie au utoke.

Nikamwambia wale wasio na simu wamekudanganya.
Akavua kiatu, akakung'uta tope, hakunijibu upesi.
Halafu: nenda Bagira, kwenye kinu cha mihogo.
Kuna mtu, jina hawalijui vizuri,
hunakili bei zako ubaoni kwa chaki kila asubuhi.
Foleni ya themanini, unga kwenye nyusi,
wanasoma wakibishana, aliyesoma anamsomea asiyesoma,
na mwenye gunia haondoki Kadutu kudanganywa tena.

Themanini. Nikalifungua daftari, nikamtafuta.
Yupo: saa kumi na mbili na dakika nane,
simu ya zamani, sekunde arobaini na moja,
mstari mmoja kati ya buibui wawili.
Kifungo hakikuwahi kumsikia.

Nimemwandikia Bwana Bahizire:
elfu mbili na kumi na tisa, kwa kifungo.
Njia nyingine zasema vingine, nimeziambatanisha,
pamoja na kasoro zake, na zangu.
Ukitaka sabuni yako ionekane Bagira, nunua chaki.
Sijui kama atacheka.

Sasa ni asubuhi. Mvua imenyesha toka usiku wa manane,
wanasema udongo umeshuka upande ule.
Kumi na mbili na nane imepita.
Buibui wamekuja, wote, kwa wakati wao.
Naonyesha ukurasa upya.
Kumi na mbili na nusu.
Naonyesha upya.